Miguu Chini ya Ubao

Uledi alisikika kabla hajaonekana. Ubao wake ulikuwa na magurudumu manne madogo ya chuma, yale yanayokaa ndani kabisa ya tairi la lori, na lori lenyewe lilikuwa limeungua kando ya barabara ya Lweba tangu vita ya kwanza. Yalipopita juu ya mawe ya mji wa Baraka yalilia krrr, krrr, kelele za kukera hata kuku. Asubuhi hiyo kelele zilikuja mpaka mbele ya kibanda cha Georgette, mchora maboti, zikanyamaza.

Ulikuwa mwaka elfu mbili, mwezi wa sita. Georgette, ambaye kila mtu alimwita Mama Aline, alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa boti ya Papa Nuhu, anarudishia rangi jina lililofifia. Hapo Baraka boti haiingii majini bila jina, vita au si vita. Watu walikosa sabuni, walikosa chumvi, tangu habari za mauaji ya Makobola walikuwa wamezoea hata kulala na viatu miguuni wasije wakakimbia pekupeku, lakini jina la boti lilitakiwa ling'ae. Georgette alijifunza kazi hiyo kwa baba yake, Alphonse, na mkono wake ulikuwa umeshinda mkono wa baba zamani, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kusikia hivyo.

"Shemeji," Uledi akasema, "nimekuletea kazi."

Alikuwa na haki ya kumwita shemeji. Yeye na Isidore, mume wa Georgette, walisukuma baiskeli moja kwa miaka saba, wakipandisha ndagala, wale dagaa wa ziwani, na chumvi mpaka Fizi, wakishusha maharagwe. Mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia waliondoka wawili. Uledi alikanyaga bomu lililofukiwa njiani, watu wakamwokota, wakamvusha ziwa usiku huo huo, na huko ng'ambo wakamkata miguu yote miwili juu ya magoti ili apone. Isidore hakurudi, wala maiti yake haikurudi.

Georgette alikuwa amemuuliza Uledi mara ngapi? Hata hesabu aliipoteza. Na kila mara Uledi alijibu kwa maneno yale yale, kama mtoto anayesoma katekisimu: "Bunduki ikalia, tukatawanyika. Ye akashika kuume, mi nikashika kushoto. Hapo njo mwisho ya kumuona." Halafu anatazama pembeni.

Basi, mwanamke wa watu akabaki anangoja. Binti yao Aline, mwenye miaka tisa, alikuwa amevushwa na bibi yake mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Papa Nuhu alikuwa akienda Kigoma na kurudi, na kila safari alisema: "Mama Aline, fasi yako iko mu boti. Jumamosi tunatoka." Na kila safari Georgette alijibu: "Na Isidore akirudi akute mulango umefungwa?" Papa Nuhu alikuwa mtu mwema, lakini uvumilivu ulikuwa unamwisha. Juma hilo alikuwa ameleta barua ya Aline, imeandikwa kwa penseli, mistari miwili. *Mama, nimesahau sauti yako. Kuja useme kidogo nisikie.* Georgette aliisoma mara moja akaificha chini ya godoro, maana akiisoma mara ya pili angepasuka.

"Kazi gani?" akauliza, akifuta brashi.

Uledi alishuka kwa mikono, akaketi chini, akaupindua ubao. Ulikuwa wa mbao nzuri, sakafu ya boti iliyovunjwa, umepigwa randa pande zote. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

"Unichoree hapa chini."

"Chini? Nani ataona chini? Nikuchoree juu, simba, ama tai. Ama niandike jina kubwa, hata batoto ba sokoni bakuheshimu."

"Juu mi nakalia. Na jina usiandike. Sipendi." Akapapasa ule mgongo mtupu. "Unichoree miguu."

Georgette alitaka kucheka, akaona uso wa Uledi, akaacha.

"Miguu miwili," Uledi akaendelea, "nyayo zinatazama chini, kama muntu anakanyaga. Kila asubui naamuka natafuta fasi ya kukanyaga, shemeji. Ikiwa chini ya ubao, nitajua iko. Basi."

Nani angekataa? Akakubali. Baba yake alimfundisha kwamba mchoro unaanza kwa kuuliza, kwa hiyo akauliza: nyayo kubwa au za kiasi? Pekupeku au na ndala? Rangi gani? Zielekee mbele zote mbili, au mmoja umetangulia? Uledi alisema pekupeku, wa kushoto umetangulia, rangi ya udongo wa barabara ya Fizi. Akataka na barabara yenyewe ipite katikati, nyembamba, na pembeni mawimbi kama yale anayochora kwenye maboti ya Papa Nuhu. Ilikuwa picha nzuri. Georgette aliiona nzima kichwani kabla hajashika penseli, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana vidole vilimwasha kwa hamu ya kazi.

"Mguu wako ulikuwa na urefu gani?"

Uledi akakunja mabega. "Sijue. Sikupimaka."

Hapo ndipo lilipoanzia kosa, na nitalisema wazi, maana kuna watu Baraka mpaka leo wanamsingizia Georgette uchawi, na wao hawajui lolote.

Mtu wa Baraka akitaka viatu vya Kigoma haendi kuvijaribu. Anakanyaga kipande cha katoni, mke au ndugu anauzungushia mguu penseli, kipande kinakatwa, kinapewa mwenye boti, naye anakwenda kukipachika ndani ya viatu huko ng'ambo mpaka apate vinavyoenea. Viatu vikifika, kile kipimo kinawekwa ndani ya kiatu, unakikanyaga kila siku mpaka kinaisha. Hakitupwi, hakipewi mtu mwingine, hakiachwi kikae bure. Kipimo ni mguu wa mtu. Kila mtoto analijua hilo, na Georgette alilijua.

Lakini chini ya godoro, pamoja na barua ya Aline, kulikuwa na vipande viwili vya katoni ya sabuni. Alimpima Isidore siku moja kabla ya safari ile. Isidore alicheka mpaka machozi, penseli inamtekenya, akavuruga mstari, Georgette akamchapa kofi la goti. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempandia mwenzake tangu kuzaliwa, na kwenye katoni kilionekana kimetokeza kama punje ya hindi. Papa Nuhu hakuwahi kuvipeleka vipimo hivyo. Viatu havikununuliwa, vipimo havikukanyagwa.

"Miguu ni miguu," Georgette alijiambia. Alikuwa anajidanganya. Alichotaka ni kuzizungushia penseli nyayo hizo kwa mara nyingine, kupita pole pole kwenye kisigino, kwenye upinde, kwenye kile kidole kitundu. Akavitoa vile vipande chini ya godoro.

Kazi yenyewe aliifanya kama alivyofundishwa. Alisugua kwa msasa mpaka mbao zikawa laini kama shavu, akapaka rangi nyeupe ya chini, akaiacha kivulini siku mbili. Akaviweka vile vipande vya katoni juu ya ubao, akavizungushia penseli, akachora na mistari mingine. Akajaza mawimbi kwa buluu iliyobaki kwenye boti, barabara kwa kahawia. Nyayo alizipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaipunguza kwa petroli na kutia masizi kidogo ya taa, mpaka ikawa udongo wa Fizi kabisa. Kidole kile alikichora vile vile kilivyokuwa. Hakujua kukichora vingine.

Siku ya tatu mawimbi yalikuwa makavu. Barabara ilikuwa kavu. Nyayo zilikuwa mbichi. Georgette aligusa kwa kidole, kikarudi chekundu, na rangi ilikuwa na uvuguvugu, ingawa ubao ulilala kivulini. Akasema ni petroli mbovu, siku hizi kila kitu kinachanganywa na maji. Siku ya nne bado. Uledi akachoka kungoja, akauchukua ubao wake hivyo hivyo, akauangalia upande wa chini kwa muda mrefu. Halafu akaupanda na kwenda zake, krrr, krrr.

Kesho yake, jua limekwisha kutoka, Georgette alifungua mlango akaona nyayo.

Zilikuwa zimetoka barabarani, zikaingia uani, zikaja moja kwa moja mpaka kizingitini. Nyayo za mtu pekupeku, nyekundu, wa kushoto na wa kulia, wa kushoto na wa kulia. Akainama. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimempandia mwenzake.

"Isidore!" Sauti ilimtoka yenyewe. Alikimbia nyuma ya nyumba, akakimbia jikoni, akaangalia mpaka nyuma ya pipa la maji, anacheka na kulia kwa pamoja, mwanamke wa miaka thelathini na nane anazunguka kama kichaa. Hakukuwa na mtu. Aliporudi mbele ndipo alipomwona Uledi, ameketi juu ya ubao wake chini ya ukuta, amesinzia, kidevu kifuani.

Akamtikisa. Uledi aliamka kwa kushtuka, akaangalia huku na huku.

"Hapa ni wapi?"

"We njo wa kuniambia! Umefika saa ngapi? Nani alipita hapa?"

"Sijue." Akanyanyua mikono yake. Uledi alikuwa anajisukuma kwa vipande viwili vya mti, na viganja vyake siku zote vilikuwa vyeusi kwa vumbi. Asubuhi hiyo vilikuwa safi, na vipande vya miti hakuwa navyo. "Nilikuwa kwa dada yangu Bushira, nangoja chai. Sijasukuma, shemeji. Naapa kwa Mungu, sijasukuma."

Georgette aliupindua ubao. Nyayo zilikuwa zinang'aa kwa ubichi. Akaenda ndani, akachukua vipande vya katoni, akaviweka juu ya alama za kizingitini. Vilienea, bila kuzidi wala kupungua. Hakuvirudisha chini ya godoro, alivifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Tangu siku hiyo ubao uliacha kulia. Ndicho kilichowatisha watu wa soko, kuliko hata hizo alama. Uledi anapita mchana kweupe, kati ya bamama wanaouza ndagala, na badala ya krrr, krrr unasikia hatua za mtu mzima anayetembea bila haraka, ta, ta, ta, ta. Bamama wanakunja miguu. Mazungumzo yanakatika. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mtu aliyekatwa miguu asitembee, na hakuna aliyemcheka. Bushira alikuja kwa Georgette na ukali wote wa dada mtu.

"Ufute ile picha yako! Mi sitaki muntu nisiyemuona ndani ya nyumba yangu."

Georgette alijaribu, haki ya Mungu. Alitia petroli kwenye kitambaa akasugua kwa nguvu zake zote. Kitambaa kilitoka cheupe. Kidole akigusa kinatoka chekundu, kitambaa kinatoka cheupe. Akakitupa, akarudi nyuma hatua tatu. Uledi alikuwa ametulia chini ya ukuta, anamtazama, na machozi yanamshuka bila sauti.

"Uledi, uko na kitu unanificha?"

Hakuitika. Lakini hilo halikuwa jipya. Tangu arudi kutoka ng'ambo, Uledi alikuwa haitiki akiitwa. Umwite mara moja, mara tano, anakuangalia tu mdomo wazi, jasho linamtoka. Watu walisema bomu limemwua sikio. Georgette naye alisema hivyo hivyo, akamwonea huruma.

Ijumaa, kama saa tatu ya asubuhi, ubao ulishika njia ya Fizi.

Georgette alikuwa kwenye boti ya Papa Nuhu, anamalizia herufi ya mwisho, alipoona watu wanapisha barabara. Uledi alikuwa amekaa juu ya ubao, mikono mapajani, uso umemparara, na ubao unapanda. Unapanda! Hakuna anayeusukuma, hakuna anayeuvuta. Ta, ta, ta. Nyuma yake zinabaki nyayo.

Georgette aliweka brashi chini, akafuata. Alitembea kando ya ubao, hatua kwa hatua, na baada ya muda aligundua kwamba mwendo ule anaujua. Ndivyo Isidore alivyotembea akiwa na mzigo, wa kushoto kwa uzito zaidi. Alitaka kumwambia kitu. Alikuwa na maneno ya karibu mwaka mzima. Akakosa pa kuyaelekeza, maana kando yake kulikuwa na Uledi tu, anatetemeka.

"Shuka," akamwambia.

"Nilishuka jana. Ubao ukaningoja. Nikatambaa mpaka kwa nyumba, nikakuta ubao umefika mbele yangu."

Kwenye bariyeri, kamba iliyovutwa kati ya miti miwili, askari mmoja alinyoosha mkono. Georgette akampa vikaratasi viwili vya ruhusa ya kupita, chake na cha Uledi. Askari akavisoma, akainua macho, akaangalia nyuma ya ubao, kwa urefu wa mtu mzima.

"Muko batatu. Na ya huyu?"

Askari alipepesa macho, akaangalia tena, akafuta uso kwa kiwiko. Akawarudishia vikaratasi bila kuwagusa vidole, akaishusha kamba mpaka chini. Walipokwisha kupita, Georgette aligeuka, akamwona amechuchumaa, anaangalia vumbi.

Walivuka daraja la mto Mutambala. Jua lilikuwa utosini, njia tupu, hata ndege hakuna. Mbele kulikuwa na bonde la matete ambalo watu hawakuingia kukata tangu mwaka jana, maana lilijaa mabomu, ng'ombe wawili na mwanamke mmoja walikuwa wamefia humo. Hapo ndipo Uledi alipoanza kusema. Hakuulizwa. Maneno yalimwagika.

"Ananibeba tena, shemeji. Ni yeye. Ile siku pia alinibeba. Hatukutawanyika, nilikudanganya. Bomu ilinikata mimi peke yangu, kule mbele. Yeye hakuwa na kitu, hata kovu. Angekimbia. Akanifunga miguu na mukaba, akanitia mugongoni, akanibeba mpaka hapa."

Georgette aliendelea kutembea.

"Hapa tukasikia bantu ba bunduki nyuma yetu. Akanilalisha mu mutaro, akanifunika majani. Akasema, nyamaza, mi nabavuta. Akaingia mu matete, anapiga kelele ili bamufuate. Bakapiga. Wakati wote nilinyamaza, njo vile aliniambia. Bakaenda. Halafu..." Uledi akajipiga kifuani. "Halafu akaanza kuniita. 'Uledi! Uko?' Alikuwa anataka kujua kama niko muzima. 'Uledi, uko?' Nilimusikia vizuri, shemeji. Bale bantu balishaenda, balienda zamani, nilijua. Lakini sauti ikakataa. Nikaogopa. Akaita mpaka jua likashuka. Sauti ikakuwa ndogo, ndogo. Mi nimelala pale, namusikia, siitike. Muntu mwenye alinibeba, na nilikosa kumwambia niko."

Ubao ukasimama.

Ukasimama hapo hapo, penye mtaro ulioota majani, na ile sauti ya hatua haikusimama. Ta, ta. Nyayo mbili mbichi zikajitokeza mbele ya ubao, kwenye vumbi, zenyewe. Halafu nyingine mbili. Zikaacha barabara, zikaingia kwenye matete.

"Usiende!" Uledi akapiga kelele. "Kumejaa bomu!"

Georgette alikuwa anaogopa, asije mtu akasema hakuogopa. Lakini alikuwa ameiishi hofu nyingine karibu mwaka mzima, ya kutojua, na hiyo ilikuwa imemchosha zaidi. Akavua ndala. Akaweka mguu wake wa kushoto juu ya ule wa kushoto, wa kulia juu ya ule wa kulia. Nyayo za Isidore zilikuwa kubwa, mguu wake uliingia ndani yake na kubakiza nafasi. Zilikwenda mbele yake, moja moja, zikimngoja. Mahali pamoja zilikata kona ghafla, zikazunguka udongo uliovimba kidogo, naye akazunguka.

Isidore alikuwa ameketi, ameegemea kichuguu. Yaani kilichobaki. Georgette hakuhitaji kuangalia uso. Alilijua shati. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akifutia brashi kwenye mkono wa shati hilo kwa utani, na Isidore kila mara alikuwa anakasirika na kila mara analivaa tena, na rangi za maboti yote ya Baraka zilikuwa bado hapo, buluu, njano, kijani, nyeupe. Kichwa kilikuwa kimeelekea barabarani.

Alilia, tena kwa sauti, kama inavyopasa mke kulia. Alimtukana Isidore kwa kuwa mwema kupita kiasi, akamwomba msamaha, akamweleza habari za Aline. Alipochoka alifungua pindo la kitenge, akatoa vile vipande viwili vya katoni, akaviweka penye miguu yake, wa kushoto kushoto, wa kulia kulia. "Haya," akasema. "Vikanyage mpaka viishe." Matete yote yalinyamaza. Akavunja machache, akamfunika, akarudi kwa kukanyaga palepale alipokanyaga.

Barabarani Uledi alikuwa ameteremka kwenye ubao, amejikunyata. Georgette alipita bila kumtazama, akaupindua ubao. Mawimbi yalikuwepo, barabara ilikuwepo. Mahali pa nyayo palikuwa na rangi nyeupe ya chini tu, kavu, na mstari wa penseli umezunguka pembeni. Akaona ni jambo la kawaida kabisa. Akauchimbia ubao kando ya mtaro, akaukandamizia mawe, upande uliochorwa ukitazama njia, ili watu watakaokuja kumchukua Isidore wajue ni wapi pa kuingilia, na kwamba zile nyayo nyekundu zilizobaki kwenye matete ndizo za kufuata.

"Umemuona?" Uledi akauliza.

Georgette alichukua ndala zake, akaanza kuteremka kuelekea Baraka.

Alitembea hatua kumi, hatua ishirini. Jua lilikuwa linamchoma mgongo. Alifikiri: muache. Akae hapo karibu naye, na asikie jinsi ilivyo. Ilikuwa haki, na hasira yake ilimpa nguvu, na alijua hakuna mtu Baraka ambaye angemlaumu.

"Mama Aline!" Sauti ilitoka nyuma, nyembamba. "Mama Aline, uko?"

Akasimama. Hakugeuka.

"Shemeji! Uko?"

Akauacha mdomo umefungwa. Upepo ukapita kwenye matete, halafu ukatulia, na kwa muda njia nzima ilikuwa kimya kama bila shaka ilivyokuwa siku ile Isidore alipoita.

"Mama Aline..." Sasa alikuwa analia, hakuwa anatumaini tena. "Uko?"

Alikumbuka mistari miwili ya penseli. *Kuja useme kidogo nisikie.* Akageuka.

"Niko," akasema, kwa sauti kubwa, mpaka bonde likaisikia. "Niko, Uledi. Nyamaza. Nakuja."

Akarudi, akachuchumaa, akamwonyesha mgongo. Uledi hakutaka kupanda, alitikisa kichwa, Georgette akamfokea mpaka akapanda. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Akamfunga kwa kitenge kama mtoto, akasimama kwa shida, akaanza kuteremka kuelekea daraja, ambako angalau mtu mwenye baiskeli angeweza kupatikana. Papa Nuhu ataahirisha safari, alijiambia, atanisaidia kumzika mume wangu kwanza, halafu nitavuka.

Karibu na daraja alisimama apumue, akaangalia nyuma. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, nyembamba, zimezama kwa uzito. Zilikuwa zake mwenyewe.